Ukoo Uliokuja na Lori la Kahawa

Mimi nikianza kumsema Karugendo watu hunicheka: "Shamsa, umeanza." Ndiyo, nimeanza. Nani mwingine atamsema? Nimekaanga samaki miaka kumi na minne mbele ya karakana yake pale Kashai. Moshi wangu unaingia kwake, vumbi lake la mbao linaingia kwenye karai langu, na kelele zake zinaingia masikioni mwa kata nzima. Mtu wa namna hiyo utamjua tu, hata kama hutaki.

Damian Karugendo ni seremala. Mfupi, mabega mapana, sikio la kushoto halisikii. Sikio hilo aliliacha vitani. Mwaka sabini na nane yeye na kaka yake walichukuliwa mgambo, wakapanda gari moja kwenda Uganda. Mzinga ukalia karibu nao. Kaka akazikwa kule kule, yeye akarudi na sikio moja. Ndiyo maana akipiga ngoma anapiga kama anavunja mlango, maana na yeye anataka asikie.

Kabla ya vita alikuwa anatengeneza vitanda vya maharusi na makabati. Halafu ukaingia ugonjwa ule, na kufika mwaka wa themanini na sita hakuna aliyeagiza kabati tena Bukoba. Majeneza tu. Asubuhi jeneza, jioni jeneza. La mdogo wake wa mwisho alilitengeneza mwenyewe. Baba yao alikuwa amekufa zamani, na baba yake mdogo alivuka mpaka kwenda kufanya biashara asionekane tena. Watu wa nyumba yao wakaisha wote, akabaki yeye na mkewe Jovita, binti wa Kimwani huko kusini ya Muleba, mwanamke mrefu, mpole, asiyesema neno mpaka awe amelipima.

Basi furaha ya Karugendo ilikuwa moja, mpira. Timu yetu ni Nyota ya Ziwa. Tulikuwa na tawi la washangiliaji, mwenyekiti Mzee Bartholomayo wa Rwamishenye, mwalimu mstaafu anayevaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe, katibu mimi, na mpiga ngoma Karugendo. Niliwahi kumwuliza kwa nini anajitesa na ngoma wakati wiki nzima amepiga nyundo. Akaniambia, "Shamsa, wiki nzima nasikia misumari na vilio. Jumapili niacheni nisikie watu wakipiga kelele za furaha." Nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Sasa sikilizeni kosa alilofanya. Februari ya themanini na nane alifariki dada mkubwa wa Jovita, Immakulata. Alikuwa ameugulia nyumbani kwa Karugendo hapo Kashai miezi mitano. Karugendo akatengeneza jeneza la mvule, akakodi gari dogo, wakampeleka Kimwani kwa baba yao, Mzee Mushumbusi. Alishiriki kuchimba kaburi, akazika, akakaa matangani. Na kwetu huku mkwe akikaa matangani amekaa. Unalala chini na wafiwa mpaka siku zote ziishe, huondoki hata kama nyumba yako inaungua. Siku zilizopangwa zilikuwa tano. Alfajiri ya siku ya nne wenye msiba wakaamka, mkwe hayupo. Alikuwa amedandia gari la kwanza kwenda Mwanza, ambako Nyota ilikuwa inacheza mechi ya kupanda daraja.

Tulipomwona uwanjani tulidhani matanga yamevunjwa mapema. Tungejua, haki ya Mungu, mimi mwenyewe ningemrudisha kwa fimbo.

Aliporudi Kashai akakuta mlango una kufuli. Jovita alibaki kwao. Baada ya wiki mbili zikaja salamu za Mzee Mushumbusi kwa mdomo wa mchuuzi wa ndizi: "Binti yangu atarudi siku ukoo wako utakapokuja kukaa mbele yangu, mkubwa wenu aniambie mmelea mtu wa aina gani."

"Ukoo!" Karugendo aliniambia siku hiyo, ameshika randa hajui aiweke wapi. "Shamsa, ukoo nitautoa wapi? Nikaufukue?"

Alijua desturi. Mwenye kosa haendi peke yake kwa wakwe, na akienda hasemi. Husemewa na wakubwa wake. Kwenda peke yake ilikuwa kuongeza tusi juu ya tusi. Akaandika barua mbili, zote zisijibiwe. Akaanza kukonda, na miaka ile ukikonda watu hawakuulizi umekula nini, wanakuangalia tu na kuguna. Mimi nilimjua hana ugonjwa wowote. Alikuwa na Jovita moyoni, basi. Miezi sita ilipita hivyo.

Agosti, katibu wa klabu akatangaza kwamba kabla ya ligi kuanza Nyota itacheza mechi ya kirafiki ya kujipima nguvu. Na nani? Na timu ya mchangani ya Kimwani, timu isiyo na ligi, isiyo na viatu, isiyo na hata mhuri. Washangiliaji tukaruka. Safari! Mzee mmoja tajiri wa kahawa akatupa lori lake bure. Nikakimbia kumwambia Karugendo.

"Siendi," akasema. "Pale ni kwa wakwe zangu. Golikipa wao ni Privatus, shemeji yangu kabisa."

"Uwanja uko karibu na nyumba yao?"

"Mbali kidogo."

"Basi utakaa ndani ya lori, kofia usoni, unapiga ngoma. Nani atakuona? Tukienda bila ngoma tutaonekana tunakwenda kuzika." Nilivyosema hivyo nikataka kujipiga makofi. Lakini yeye akacheka, mara ya kwanza tangu Februari, akaenda kukaza ngozi ya ngoma. Mimi na mdomo wangu huu!

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu arobaini na mmoja na dereva. Timu ilitangulia kwa gari lake. Barabara ile mnaijua: shimo, kokoto, shimo, daraja la magogo, shimo. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Pale Muleba wanaume wakanunua madumu manne ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kusherehekea ushindi, kana kwamba ushindi tayari uko mfukoni. Mimi rubisi sinywi, dini yangu hairuhusu, lakini nililishikilia dumu moja kati ya magoti lisimwagike, maana uchoyo si dini.

Karugendo alilala sakafuni mwa lori, kafunikwa magunia. Kila tukipita kijiji anauliza, "Tumefika wapi?" Na tulipoingia Kimwani akaacha kuuliza.

Sasa bahati mbaya ikitaka kukuamkia haibishi hodi. Tumebakiza kilometa moja hivi kufika uwanjani, rejeta ikachemka. Mvuke juu! Dereva akakata kona kuingia uani kwa mtu, mji wa kwanza aliouona kati ya migomba, kutafuta maji. "Shukeni wote, gari lipumue!" Tukashuka. Tukayafunua na yale magunia, maana mtu angekufa kwa joto. Karugendo akashuka wa mwisho, ngoma mgongoni. Mbele yake, kwenye kigoda, ameketi mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe.

Karugendo akapiga magoti kama aliyekatwa miguu.

Hapo ndipo nilipojua ni mji wa nani. Hebu jiwekeni mahali pa Mzee Mushumbusi. Wazimu wa mkwe wake aliusikia, lakini alikuwa hajui kabisa kwamba hapa duniani kuna umati wa watu wanaosafiri nusu ya siku kwenda kutazama watu wengine wakicheza. Mpira kwake ulikuwa mchezo wa mwanawe Privatus jioni baada ya kulima. Alichokiona yeye ni hiki: mkwe mwenye kosa amepiga magoti, kimya, macho chini. Nyuma yake watu arobaini, wake kwa waume. Ngoma. Madumu manne ya pombe. Na mbele yao mzee mwenye heshima, kavaa koti.

Akasimama polepole. "Nilisema aje na ukoo," akasema. "Sikusema aje na nchi nzima."

Mzee Bartholomayo alikuwa amekwisha fungua kinywa kuomba maji ya rejeta. Karugendo akainua macho, akamtazama. Sijawahi kuona macho yanaomba namna ile. Mzee Bartholomayo akafunga kinywa, akavuta koti lake, akainama kidogo.

"Waitu Mzee," akasema kwa heshima ya Kihaya, "tumekuja."

Mawe, mama yangu! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kukohoa. Tukakaribishwa. Wanawake wakaleta mikeka na mabenchi, tukaletewa kahawa ya kutafuna ndani ya kikapu kidogo, kila mtu punje zake mbili tatu, kama wageni wa haki. Jovita naye alitoka akatuona. Alisimama mlangoni na sinia mkononi. Alitujua watu wote wa tawi, mmoja mmoja, tangu mwenyekiti mpaka mpiga filimbi. Akaweka sinia chini, akarudi ndani. Nikaona Karugendo amemfuata kwa macho mpaka pazia lilipotulia.

Mzee Bartholomayo akasema maneno mazuri. Mhaya hata akiomba msamaha lazima kwanza ajisifu, basi alianza na heshima ya ukoo wao, ukoo ambao jina lake hakulijua, akazunguka huko muda mrefu, mwisho ndipo akafika kwenye kosa. Akasema kijana amekosa, tena amekosa vibaya, na wakubwa wake wameona aibu. Mzee Mushumbusi akatikisa kichwa.

"Na wewe ni nani wake?"

"Baba yake mdogo."

"Na huyu mama?"

"Shangazi yake," nikasema haraka, kabla mtu hajaniwekea cheo kibaya.

"Unaitwa nani, Shangazi?"

"Shamsa."

"Shangazi wa ukoo wa Kikatoliki anaitwa Shamsa?"

"Niliolewa kwa Waislamu, Mzee wangu." Mungu anisamehe, nimezaliwa hivyo hivyo nikiitwa Shamsa, na babu yangu aliitwa Ramadhani. Nyuma yangu dereva, aliyekwisha pata maji yake, naye akajitangaza kuwa kaka mkubwa. Ukoo ukawa unakua kama unga uliotiwa hamira.

Kabla Mzee hajafika kuwauliza wa mstari wa pili, akaingia Privatus amevaa sweta la shule lililokatwa mikono, ndio ugolikipa wenyewe. Akatutazama, akatazama ngoma, akamtazama shemeji yake. Yule alijua. Timu yetu ilikuwa uwanjani tangu saa nane na amekwisha ongea nao. Lakini akabana midomo tu, akasema, "Baba, refa anangoja. Jua linakwenda."

Mzee Mushumbusi akafikiri. "Shauri halijaisha," akasema. "Nendeni mkacheze, ukoo utatazama pamoja nami, halafu tutarudi hapa." Akaagiza kigoda chake kipelekwe uwanjani, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na kiliwekwa wapi? Ubavuni mwa Shangazi.

Tulipokuwa tunakwenda, Mzee Bartholomayo akapita kwa kila mmoja akinong'ona: "Mtu asitukane. Ile ni timu ya wakwe zetu."

Ndugu zangu, uwanja ule! Ulikuwa mteremko. Goli moja liko mlimani, jingine bondeni, milingoti ya mikaratusi, na kona moja imo ndani ya migomba, ukipiga kona unaonekana kichwa tu. Refa alikuwa katekista wa kigango, amekunja suruali mpaka magotini. Beki wao wa kati alikuwa mzee wa miaka hamsini. Kila mtu akimsalimu kutoka pembeni anasimama, anaitikia salamu yote mpaka mwisho, habari za nyumbani, habari za ng'ombe, ndipo anarudi kukaba. Na cha ajabu hapitiki! Washambuliaji wetu wakimfikia, anawasalimu na wao. Mbele walikuwa na Masalu, Msukuma mlima pamba, pekupeku, mguu kama mpini wa jembe jipya. Dakika ya tano nikamwambia jirani yangu, huyu angekuwa na viatu angesajiliwa Dar es Salaam. Jirani akasema akivaa viatu ataua mtu.

Nasi tukashangilia kwa adabu. Mmewahi kuona? Watu waliozoea kuwaambia wapinzani warudi kwa mama zao wakanyonye, sasa wanapiga makofi kama wako kanisani. "Hongera, Shemeji, umeudaka vizuri!" "Pole, mkwe, umeumia?" Karugendo alipiga ngoma kwa vidole viwili. Winga wetu wa kulia akasimama katikati ya mbio kututazama, mpira ukampita. Tulipofunga goli la kwanza tukasema "Ahsante" kwa pamoja na kukaa chini. Mwalimu wa timu akatujia amefura: "Nyie mmelewa? Mko upande gani?"

"Nenda kakae," Mzee Bartholomayo akamwambia, "haya ni mambo ya ukoo."

Masalu akasawazisha kwa shuti lililogonga mkaratusi likaingia na magamba yake. Kijiji kikalipuka. Mzee Mushumbusi akaniuliza, "Hilo ni zuri kwetu?" Nikamwambia ni zuri sana, Mzee wangu. Yalinitoka kama jino.

Halafu ikaja dakika ya themanini hivi. Mshambuliaji wetu akapiga kichwa, mpira ukavuka mstari, ukavuka wazi, nusu hatua nzima! Privatus akauvuta kutoka ndani, akaubutua hadi katikati, na katekista akasema mchezo uendelee. Akili ikanitoka. Nikasahau Jovita, nikasahau desturi, nikasahau na kigoda kilicho ubavuni mwangu. Nikaruka juu.

"Mwizi wewe! Rudisha goli letu! Sweta la shule halikukufundisha kuhesabu? Golikipa gani, hata mlango wa choo unakushinda kuzuia! Refa, na wewe kasome vitabu vyako vya kanisa, umeona kabisa! Rudisha goli letu!"

Hata yule beki aliyekuwa kwenye salamu akaikatisha kunitazama. Mzee Mushumbusi akageuza shingo taratibu.

"Shangazi," akasema. "Ukoo wenu una magoli?"

Nikakaa. Nilimwona Karugendo ameinamia ngoma, paji la uso limegusa ngozi, na nikajua nimemharibia kila kitu kwa mdomo wangu, huu huu uliomleta. Nilijichukia siku ile, sisemi uongo. Masalu akafunga la pili, mchezo ukaisha mbili kwa moja, Nyota ya Ziwa ya daraja la pili imefungwa na wakulima pekupeku, na wala hapakuwa na aliyejali.

Tukarudi nyumbani kwa Mzee. Akakaa. Sisi tukakaa. Privatus akasimama nyuma ya baba yake, jasho linamtoka.

"Mimi ni mzee," Mushumbusi akaanza. "Mpira siujui. Lakini nimeoza mabinti watano, najua ukoo unavyofanana. Hapa naona pua arobaini, hakuna mbili za nyumba moja. Mmeingia kwangu, mmekula kahawa yangu, mmenidanganya. Jovita!"

Jovita akatoka.

"Wewe umeishi na huyu mtu miaka tisa. Niambie bila kuficha. Hawa ni ukoo wa mumeo?"

Jovita si mwanamke wa kumdanganya baba yake, na sote tulijua. Alitutazama mstari mzima, kuanzia kushoto.

"Hapana, Baba," akasema. "Ni watu wa mpira."

Mtu mmoja nyuma yangu akasema "basi" kwa sauti ya chini. Mimi nikaanza kuvuta kanga yangu nisimame. Lakini Jovita alikuwa bado.

"Huyu anaitwa Shamsa. Anakaanga samaki nje kwetu. Dada alipougua, majirani waliacha hata kushika kikombe alichokishika. Huyu alileta supu kila siku, miezi mitano, akamnywesha kwa mkono wake, akiwatukana njiani wote waliomtazama vibaya. Mdomo wake ni huo huo uliousikia leo. Huyu wa koti ni Mwalimu Bartholomayo. Dada macho yalipokwisha, alikuja jioni kumsomea Injili, na akimaliza Injili anamsomea habari za ligi, na dada alicheka, Baba, alicheka. Wale vijana sita pale ndio waliombeba kwenda hospitali mvua inanyesha, wakipokezana. Yule dereva simjui, labda ni mgeni."

"Ni mgeni," dereva akasema kwa unyenyekevu.

"Ukoo wa Karugendo uko makaburini, Baba. Ulipowaita waje, ulikuwa unamwambia akae bila mke mpaka afe. Waliobaki ni hawa. Kama hawa si ukoo, basi mimi sijui ukoo ni nini."

Nililia. Ndiyo, mimi Shamsa, mbele za watu. Mzee Bartholomayo alitoa leso akajifanya anafuta miwani asiyokuwa nayo.

Mzee Mushumbusi akachezea ndevu. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Desturi inasema usiseme. Leo nakuruhusu. Kwa nini ulimwacha mwanangu chini, matanga hayajaisha, ukafuata mpira?"

Karugendo alichelewa kujibu mpaka nikadhani ameulizwa upande wa sikio bovu. Halafu akasema, "Baba, sikufuata mpira. Nilikimbia. Jeneza la dada nilitengeneza mwenyewe, la kumi na tatu mwezi ule. Usiku wa tatu nimelala chini, nikifumba macho napima watu. Jovita kalala ubavuni mwangu, nikajikuta nampima na yeye. Urefu, mabega. Nikaogopa, nikatoka mbio. Mwanza nilikwenda kwa sababu kule watu walikuwa wanapiga kelele. Nimekosa, Baba. Ningeweza kuurudisha ule usiku ningeurudisha."

Jovita akaweka mkono mdomoni. Hilo hakulijua. Wala mimi, niliyekaa naye ukuta kwa ukuta.

"Siku zilikuwa ngapi?" Mzee akauliza, kama anajiuliza mwenyewe.

"Tano," Privatus akasema. "Alibakiza mbili."

"Basi atazimaliza. Atalala chini leo na kesho, ndani ya nyumba ile ile. Keshokutwa atamchukua mkewe." Akatugeukia. "Nanyi nawashukuru kwa mwanangu Immakulata. Nendeni salama. Gari lenu limepoa."

Kwenye barabara gari la timu lilikuwa linapiga honi, wachezaji wamenuna wanataka kuondoka. Jua lilikuwa limefika kwenye migomba. Tukatazamana. Kesho ilikuwa Jumatatu, mimi nina samaki wangu, vijana wana vibarua vyao, dereva ana mwenye lori.

Mzee Bartholomayo akavua koti. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona bila koti. Akalikunja, akaliweka chini ukutani pawe mto.

"Mzee," akasema, "ukoo hauachi mtu mmoja matangani."

"Mnatania," akasema Mushumbusi.

"Shangazi yake anabaki," nikasema. Na vijana sita wakabaki, na mpiga filimbi akabaki, na wote. Dereva akauliza kama mgeni naye anaruhusiwa. Privatus akaanza kucheka, akaja kunishika mkono, akaniambia sikioni kwamba ule mpira kweli ulivuka mstari. Nikampiga kofi la mgongo mpaka akayumba.

Gari la timu likaondoka bila sisi. Wanawake wakaenda kuongeza ndizi jikoni. Jovita akatoka nyuma ya nyumba amekumbatia mzigo mkubwa wa nyasi mbichi za kulalia, akapita katikati yetu sote, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa Karugendo, akamtupia mikononi. Miezi sita alikuwa hajamwambia neno.

"Tandika mpaka ukutani," akamwambia. "Ndugu zako ni wengi."